Ubao wa Kumwitia Kimya

Kwenye karakana ya Fundi Kimya kulikuwa na ubao mmoja ambao haukuwa wa kuuza. Ulilazwa sakafuni kuanzia mlangoni, pale dada yake alipokaa kwenye kigoda, ukapita katikati ya maranda na vipande vya mbao, ukaishia chini ya meza yake ya kazi kule ndani. Dada alipotaka kumwita aliupiga kwa kisigino. Mtikisiko ukakimbia kwenye ubao kama panya, ukamfikia Kimya nyayoni, maana alifanya kazi peku siku zote, naye akageuka. Kupiga kelele kusingesaidia. Kimya alikuwa kiziwi tangu yuko mchanga, homa ilimchukua masikio kabla hajajua kusema mama.

Mimi kazi yangu huja mwisho. Fundi akishamaliza kitanda au kabati, naitwa nipige msasa na vanishi. Sina karakana. Natembea na brashi zangu kwenye mfuko, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kadiri miaka inavyokwenda nimejikuta nakaa zaidi penye kivuli na maongezi. Kwa Kimya vyote viwili vilikuwepo. Kivuli kilikuwa cha bati lililochomoza mbele ya mlango. Maongezi yalikuwa ya dada yake.

Dada huyo mtaa mzima ulimwita Redio. Alisemea watu wawili, kwa hiyo si ajabu kwamba hakupoa. Ukipita asubuhi anakupa habari za jana, ukirudi jioni anakupa habari zako mwenyewe. "Mzee, leo umechelewa. Mgongo au uvivu?" "Mgongo, dada." "Basi huo mgongo mvivu, uusemeshe." Huku mdomo unakwenda, mikono nayo inakwenda, inamweleza Kimya kinachoendelea. Ishara zao hazikutoka shuleni. Walizitunga wenyewe tangu utoto, wakiwa wawili chini ya meza ya baba yao. Mimi nilikuwa mkono unaosugua mgongo wa mkono mwingine, halafu bega linainama. Kaka yao mkubwa, aliyeko mbali, alikuwa kidole kinachopita juu ya nyusi, kwa sababu ana kovu pale. Mwenye nyumba alikuwa pua iliyobanwa. Sikuuliza kwa nini.

Na kulikuwa na ishara moja niliyoijua vizuri kuliko zote. Nitaieleza kwa jinsi nilivyoiona mara ya kwanza.

Alikuja bwana mmoja ana mlango kwenye mkokoteni. Amefura kama kanyimwa haki yake mbele za watu. "Dada, huyu bubu wako kanitia aibu! Nimepachika mlango mbele ya wakwe zangu, haufungi! Ana kichwa kigumu kama hayo magogo yake!" Redio akapiga ubao. Kimya akageuka, akaja, akasimama mbele ya yule bwana anamtazama mdomo unavyofunguka na kufungika. Halafu akamtazama dada yake. Redio akaweka kiganja juu ya paja, akakiteleza polepole mpaka gotini, kama mtu anayepapasa mbao iliyopigwa randa ikalainika. Kimya akatabasamu mpaka jino la pembeni likaonekana. Akaushika mkono wa yule bwana kwa mikono yake miwili. Kisha Redio akaonyesha upande wa bawaba, akabana kidole na dole gumba, na Kimya akachukua randa, akapunguza kidogo, mlango ukaingia kwenye fremu ya kujaribia bila kulalamika. Yule bwana akabaki hana pa kushika. Akaondoka anasema asante kwa sauti ya chini.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza Redio.

"Nimemwambia bwana anasema kazi yako laini, ila anaomba umpunguzie kidogo hapa."

"Na yale ya gogo?"

"Gogo limeishia kwangu. Mimi chujio, mzee. Majani yanabaki juu, chai inashuka."

"Na hayo majani yote unayapeleka wapi?"

"Unadhani kwa nini nanenepa?" Akacheka mpaka kigoda kikalia.

Ndivyo ilivyokuwa. Kimya alifika umri wa mvi anaamini kwamba watu ni wema sana na wote wanapenda kazi yake. Wengi walikuwa wema kweli, nisiwaonee. Lakini yaliyosemwa na wasio wema yalipita kwenye kiganja cha Redio yakatoka yamelainika.

Walipokuwa watoto ilisemekana kuna shule ya viziwi, mbali huko. Baba yao alimfunga Kimya nguo zake kwenye kanga ya marehemu mama, wakaanza safari. Redio akawafuata nyuma analia, hawamwoni, mpaka wakamwona. Alikuwa msichana mdogo, vidole vya miguu vimechubuka. Baba akasimama, akawatazama wote wawili, akageuza. Redio alipenda kunisimulia habari hiyo na kila mara aliimalizia kwa kuchekelea: "Baba akageuza, mzee! Na viatu vyake vipya akavichafua bure." Hivyo Kimya hakusoma, wala ishara za shule hakuzipata. Alimpata Redio.

Kuolewa aliwahi kuolewa, muda mfupi. Mume alisema hawezi kukaa nyumba moja na watu wanaoongea mbele yake na yeye haelewi. Redio alirudi na kigoda chake.

Nimeruka mbele, nimerudi nyuma. Niende sasa kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa nje napiga vanishi miguu ya kiti. Redio alikuwa ananipa kisa cha muuza mbao aliyeketi juu ya rangi mbichi. Katikati ya neno akakwama. Nikadhani anatafuta kunichekesha, nikabaki nimeinua uso nasubiri. Mdomo ukaenda upande. Akainama polepole kutoka kwenye kigoda, kama anataka kuokota kitu, akaangukia ubao.

Kimya kule ndani alihisi kishindo. Akageuka na lile tabasamu la kupokea mteja, mkono tayari unajipangusa vumbi kwenye suruali.

Hospitali walisema kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, na ulimi ukalala nao. Daktari alitueleza vizuri, hakutuficha: anasikia, anaelewa kila mnachosema, ila maneno hayatoki, na huenda yasitoke tena. Tuwe wavumilivu. Tuliporudi naye tulimlaza kwenye godoro sakafuni, kwenye chumba cha nyuma cha karakana, nyuma ya pazia. Fundi vitanda, na nyumbani kwake hakuna kitanda! Ndivyo mafundi tulivyo. Kila kitanda kilichokamilika pale kilikuwa na mwenyewe.

Aliyetuokoa ni jirani yao mshonaji. Alikuwa na cherehani yake chumba cha pili, mama wa makamo, mkali wa maneno, mwepesi wa mikono. Asubuhi na jioni alikuja na beseni, akamwogesha Redio, akambadilisha, akamgeuza asioze mgongo. Kimya alijua mipaka. Mwanamume hamvui nguo dada yake. Beseni likiingia yeye anatoka, anageukia barabara, amesimama kama askari, mpaka aguswe bega.

Siku moja mshonaji alikuwa anamlisha uji, Redio kafunga mdomo. "Jamani dada, kula basi! Unanifanyia visa vya mtoto mchanga na miye nina nguo za watu." Mkono wa kushoto wa Redio, ule mzima, ukainuka juu ya shuka. Ukafanya hivi, ukafanya vile. Kimya aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko, kile kicheko chake cha msumeno unaokwama kwenye fundo. Akaenda nyuma, akarudi na sukari.

Mshonaji akaonja uji. "Kumbe nimemkoroga maji matupu! Na huyu ndiye wamesema hasemi?"

Tulicheka siku ile hata Redio akacheka, kwa upande mmoja wa uso. Lakini mimi nilipokwenda nyumbani nililifikiria. Zamani Redio alikuwa mdomo wa Kimya. Sasa Kimya ndiye mtu pekee duniani aliyemwelewa Redio, na Kimya hakuwa na njia ya kutuambia alichoelewa. Alituletea tu. Sukari, shuka, dirisha lifunguliwe. Lile lisiloweza kuletwa kwa mkono lilibaki kati yao wawili, na sisi wenye masikio na ndimi zetu tukakaa pembeni kama wageni.

Nilikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii nikamweleza. Mtu mwema, anasikiliza. Akatuletea mwalimu wa lugha ya ishara, binti mmoja mpole, ametoka mbali na jua lote lile. Akasimama mbele ya Kimya akaanza kuongea kwa mikono, mikono mizuri, inaruka kama ndege. Kimya akamwangalia kwa heshima yote. Alipoipanua mikono Kimya akachukua utepe wa kupimia, akapima upana. Alipoiinua juu Kimya akapima urefu. Akaenda kumwonyesha mbao za mvule.

Yule binti akacheka, halafu macho yakamjaa maji. "Mzee, hii yetu haijui. Wana yao wenyewe. Ningepata muda wa kukaa na hawa wawili ningejifunza. Lakini nina wanafunzi kituoni wananisubiri, na niko peke yangu." Alirudi mara nyingine siku yake ya mapumziko, akakaa na Redio mchana mzima, wakapata ishara chache: maji, maumivu, geuza. Kisha akahamishiwa kituo kingine. Simlaumu. Alikuja.

Wakati huo Kimya alikuwa na kazi anaifanya pembeni, baada ya kumaliza ya wateja. Kitanda. Aliniletea nikipige msasa, nami nikakipiga nikidhani ni oda ya mtu. Kilikuwa cha ajabu. Kifupi kwenda juu, kimo cha kigoda. Upande wa kulia amekiwekea ubao wa kuegemea. Upande wa kushoto fito ya kushikia, imesuguliwa mpaka inateleza, na karibu na miguuni ameacha pengo. "Huyu mteja ana mawazo gani?" nikajisemea. Kingo za pengo aliniletea mara tatu nizilainishe tena.

Halafu mshonaji akapata simu. Binti yake amejifungua, uzazi umekuwa mgumu, yuko peke yake. Alilia huku anafunga cherehani kwenye gunia. "Mzee, nifanyeje? Nikatike vipande?" Nikamwambia nenda, mama, mtoto ni mtoto. Akamkumbatia Redio, akamwambia sikioni maneno ya wanawake, akaenda.

Nikazunguka kutafuta mwingine. Niliuliza kwa majirani, niliuliza zahanati, niliuliza kwa waumini. Kila mtu alinihurumia. Mmoja alikuja siku chache, mgongo ukamshinda, kwa maana Redio alikuwa mzito, yale majani ya chai hayakuwa mzaha. Nikarudi kwa afisa.

"Mzee, huduma ya kuwafuata wagonjwa nyumbani ipo kwenye mpango," akaniambia.

"Mpango unaanza lini, mwanangu?"

Akatazama meza yake. "Upo kwenye mpango, mzee."

Sikuwa na hasira naye. Kiti alichokalia kilikuwa na mguu mmoja umefungwa kwa waya.

Basi tukampigia kaka mkubwa. Anafanya kazi ya ghala mji mwingine, safari ya mchana kutwa. Akaja kwa gari la kuazima, na dereva. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kidogo, nisiseme uongo, lakini alipopita pazia na kumwona dada yake alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye lile godoro, akakaa hivyo. Huwezi kumchukia mtu wa namna hiyo.

"Dada, wifi yako ameshatandika chumba," akamwambia. "Nimewahamishia watoto sebuleni. Atakuogesha yeye, na mama yake yupo. Kesho asubuhi tunaondoka."

Redio alimtazama.

Nikamvuta kaka nje, tukasimama kwenye kivuli cha bati.

"Na Kimya?" nikamuuliza.

"Kimya ana kazi yake hapa, mzee wangu. Wateja wanamjua. Nikimpeleka kule atakaa kuangalia ukuta. Na pa kumlaza sina, nakula kiapo. Sina."

"Baba, hawa wawili ukiwatenganisha hakuna atakayeongea tena. Huyu hasemi na mtu mwingine, na yule haeleweki na mtu mwingine. Umeuona mkono wake unavyosema?"

"Nimeuona. Nilitoka nyumbani mapema, mzee, mimi najua njoo, na kula, na lala. Basi." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nimekuelewa. Sasa na wewe nisaidie. Kesho asubuhi, nani atamwogesha?"

Nilikuwa na brashi mkononi, nikaanza kuisafisha na ilikuwa safi.

"Niambie jina la mtu mmoja tu," akasema, wala hakuwa ananisuta. Alikuwa ananiomba. "Nimwache hapa hata leo."

Sikuwa na jina.

Jioni ile, jua bado lipo, kaka akamwingiza Kimya nyuma ya pazia. "Dada, mwambie wewe. Mimi siwezi. Mwambie ajue unaondoka." Tukasimama pale wote. Kimya akamtazama dada yake, anasubiri. Kiganja cha mkono wa kushoto kikafunguka, kikateleza juu ya shuka, polepole, kutoka pajani mpaka mkono ulipoishia.

Kimya akatabasamu mpaka jino la pembeni likaonekana. Akamshika kaka yake mkono kwa mikono miwili.

"Afadhali," kaka akasema, akavuta pumzi. "Amekubali. Nilikuwa naogopa."

Nikamfuata nje. "Hajamwambia, baba."

"Si umeona?"

"Ile ni ishara ya kazi laini. Ndiyo anayompa kila mtu akimtukana."

Akanitazama hajui aniamini au aniweke kwenye fungu la wazee waliochanganyikiwa. Mwisho akasema, "Basi mwambie wewe, mzee. Unajua ishara zao kuliko mimi."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilimpeleka Kimya kwenye gari, nikaligonga. Nikatia kidole kwenye nyusi, kaka yako. Nikagusa midomo, ndiyo ilikuwa ishara ya Redio. Nikaonyesha barabara, mbali, mbali, nikapunga mkono mpaka bega likauma. Kimya akanifuatilia kwa makini, anakubali kwa kichwa. Halafu uso ukamng'aa. Akanishika mkono, akaniingiza karakana, akanionyesha kile kitanda. Akakisukuma mpaka mlangoni, pale kilipokuwa kigoda cha Redio. Akalala juu yake mwenyewe, akauacha mguu wa kushoto ushuke kwenye lile pengo, na kisigino kikagusa ubao. Tu!

Akaniangalia kama nimeelewa. Nilielewa. Mguu wa kushoto wa Redio ulikuwa mzima.

Nikakaa juu ya maranda.

Asubuhi alikuwa ametandika. Shuka jipya, sijui alilitoa wapi, na kigoda amekiweka pembeni kwa ajili ya wageni. Kaka na dereva wakamtoa Redio nyuma ya pazia wamembeba kwenye blanketi, na Kimya akatangulia mbele yao anasukuma vipande vya mbao kwa mguu ili wasijikwae. Alipofika kitandani akanyoosha shuka kwa kiganja, akasimama pembeni, mikono ameifungua, kama fundi anayekabidhi kazi.

Wakapita.

Alidhani wamekosea. Akamgusa kaka yake bega, akamwonyesha. Kaka akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, hawezi kujifuta kwa vile mikono imebeba, akaendelea. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja ya kaka. Kimya akakimbia ndani, akarudi na mto. Alidhani hospitali tena. Akataka kuingia, akatazama huku, akatazama huku, kiti cha mbele kimejaa mizigo ya kaka, hakukuwa na nafasi hata ya mtoto. Akainama dirishani, akamuuliza dada yake kwa mikono. Sikuhitaji kufundishwa swali lile.

Kiganja cha Redio kikateleza juu ya blanketi. Laini. Kikarudi, kikateleza tena.

Kimya akarudi nyuma hatua moja kulipisha gari. Barabara ilikuwa tupu, na gari liligeuka mwisho wa mtaa bila kusita. Mimi nilikuwa naliangalia kwa ule upumbavu wa moyo, nikikumbuka baba yao na viatu vyake.

Siku zikaenda. Kila jioni Kimya alikung'uta vumbi la mbao kwenye kile kitanda, akanyoosha shuka. Mteja mmoja alikitaka, akaonyesha kwa kidole, Kimya akasimama mbele yake akakunja mikono kifuani. Wateja wengine walikuja wakasema, wakachoka, wakachora hewani, wakapata vitu ambavyo havikuwa walivyotaka. Waliokasirika hawakuwa na chujio. Alianza kuwasoma nyuso. Nilimwona akijifunza, mtu mzima ana mvi, anajifunza kwamba watu wanafoka.

Siku moja alikuja mama mmoja na kabati lake, Kimya kainamia patasi hamwoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha Redio. Nikaupiga ubao kwa kisigino, nikidhani nasaidia. Kimya aligeuka upesi mpaka patasi ikamdondoka. Uso wote umefunguka. Kisha akaniona mimi. Akainama akaiokota patasi, na haikuwa mbali, lakini alichukua muda mrefu kuliko uliohitajika. Tangu hapo ule ubao siukanyagi. Naingia mpaka ndani, nazunguka meza, nasimama anione.

Wiki iliyopita kaka alipiga simu, ile ya picha. Nikamwita Kimya, nikamshikia simu mbele. Akatokea wifi yao, amenawiri, mkarimu. "Shemeji, dada huyu hapa! Mzima, anakula vizuri." Akatuonyesha uso wa Redio, amechanwa nywele vizuri, amepakwa mafuta. Nyuma yake ukuta wa bluu na picha za watoto wa shule. Halafu kaka mwenyewe akapita na kovu lake. Kimya akautazama ule ukuta kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipojua yuko wapi, na kwamba ile haikuwa hospitali.

"Onyesha mkono!" nikapiga kelele. "Mkono wa kushoto, mama, ushushe simu!"

"Anawapungia, eeh, anawapungia," wifi akasema, akaishusha simu kidogo.

Mkono ulikuwa juu ya shuka lenye maua. Umekonda. Ukateleza kutoka pajani, taratibu, kama mtu anayepapasa mbao iliyokamilika.

Kimya hakutabasamu mara moja. Alisogea upande, hatua ya nusu, akasimama kati ya simu na kile kitanda ili kisionekane. Akajikung'uta maranda kifuani. Ndipo akaweka kiganja chake kikubwa juu ya paja, akakiteleza mpaka gotini, akatabasamu mpaka jino la pembeni likaonekana, akabaki hivyo hivyo, mpaka mtandao ulipokatika.